Istahil na Umeme Usiopunguzwa Bei

Istahil alilelewa Eastleigh, Nairobi, kwenye maduka ambayo bei ya kwanza hutajwa kwa mzaha na ya pili kwa matusi. Silaha yake ilikuwa mgongo: anataja bei yake, anageuka, anaondoka kwa madaha mpaka muuzaji apige kelele, "Haya mama, rudi tusikizane!"

Alipohamia Sparkbrook, Uingereza, alioka keki za iliki jikoni kwake, kwa umeme wa nyumbani, ambao bei yake imewekewa kikomo kisheria. Wateja wakazidi. Ndipo mpwa wake Mahad, dalali wa umeme mwenye koti linalong'aa kuliko akili, akamletea habari za duka tupu Ladypool Road.

"Biashara haina kikomo cha bei, Anti. Ni soko huria! Kampuni zinakupigania."

"Bei inapunguzwa?"

"Ni soko, Anti. Kila kitu kinajadiliwa."

Angemwambia kuna simba angeogopa. Alimwambia kuna soko, akachukua funguo.

Kampuni ya umeme ilipopiga simu, Istahil alitaja nusu ya bei. Jamaa akacheka. "Basi kaa na umeme wako," Istahil akasema, akakata simu, akangoja kuitwa.

Hakuitwa. Oveni ziliwaka wiki nzima, na nyingine, na nyingine. Kumbe duka lisilo na mkataba halikatiwi umeme, bali hutozwa bei ya juu kuliko zote. Bili ilipofika alidhani wamemtumia ya uwanja wa ndege.

"Nani anabargain stima?" Mahad alifoka.

"Si wewe ulisema soko?"

"Soko la wastaarabu!"

"Nikikataa nyanya, sili nyanya. Hawa nimewakataa, na bado wananilisha kwa mwiko! Hilo ni soko au utekaji?"

Mahad akatoa mkataba wa miaka mitatu. Bei ilikuwa imepanda kuliko ile aliyoikataa. "Saini, au ufunge duka."

"Na wewe unapata nini hapa?"

Mahad akakohoa. "Kamisheni kidogo."

"Inatoka wapi?"

"Imo... imo ndani ya bei."

Istahil akaurudisha mkataba kifuani kwa Mahad kwa kofi.

"Umeogopa uhuru, Anti!"

Alifunga duka, akauza oveni kubwa kulipa bili, akarudi kuoka nyumbani. Siku ya Idi, Mahad alikuja na tabasamu, akanyoosha mkono kwenye sinia la keki. Istahil akalivuta.

"Hizi zimeokwa kwa umeme wa watumwa," akasema. "Wewe mtu huru, kale kwako."