Lenzi Isiyofika Ng'ambo

Mama hakutaka picha za harusi. Alitaka kuona jambo moja tu: kama mama mkwe wa dada yangu atatoka mwenyewe langoni kumpokea, au atatuma mtu.

Kwa watu wa bwana harusi ndivyo heshima inavyopimwa. Mama mwenye nyumba akikukumbatia langoni, umekuwa mtoto wa pale. Akibaki ndani akamtuma shangazi, utaishi pale kama mgeni, na mtaa mzima utajua. Na yule mama hakuupenda uchumba huu tangu mwanzo. Alisema wazi kwamba Bukavu hapakosi wasichana hata mwanawe avuke mto kutafuta mke.

Mama hawezi kuvuka. Miguu yake imekataa. Kutoka kitandani hadi uani ni safari ya kushikwa mikono yote miwili. Lakini ua wetu uko kwenye mteremko chini ya Kamembe, upande wetu wa mpaka, na unatazamana na ng'ambo. Lango la wale watu tunaliona, la bluu, dogo kama kiberiti. Nikamwambia mama, kabla sijafikiri, na hiyo si kawaida yangu: utaona kila kitu ukiwa umekaa hapa. Nimesomea mambo ya picha. Kazi sina, ila lenzi ninayo.

Lenzi hiyo, ndefu, ya sinema, niliachiwa na mjomba aliyekuwa akifuatana na watengenezaji wa filamu. Ilitengenezwa zamani kwa kamera za mkanda, kwa hiyo haikai moja kwa moja kwenye mdomo wa kamera yangu ya kidijitali. Inahitaji adapta, pete nene ya chuma inayokaa katikati. Niliiagiza Kigali. Ilipofika, upande wa kamera ilikaza vizuri, lakini upande wa lenzi ilikuwa legevu. Ukiishika lenzi unahisi inacheza kidogo sana, kama jino la mtoto linalokaribia kung'oka.

Mtu mwingine angeiacha icheze. Mimi niliwaza kwamba picha itatikisika, kwamba lenzi itadondoka, kwamba itadondoka mbele ya mama. Nikakata kopo la soda kwa mkasi, nikatengeneza pete nyembamba, nikazipanga tatu pale lenzi inapokalia, nikafunga. Ikatulia kabisa. Nikaijaribu kwenye kalenda ya ukutani, kwenye mikono ya dada yenye hina mbichi, kwenye kufuli la jirani. Kila kitu kilionekana mpaka mikwaruzo yake.

Mbali sikujaribu. Kuelekeza chombo kirefu namna ile upande wa pili wa mpaka si jambo la kuchezea, na kiongozi wa umudugudu, yaani mtaa wetu, alikuwa ameniruhusu alasiri moja tu, ile ya harusi. Nikajiambia kwamba kinachoona karibu hivi, mbali kitashindwaje?

Siku hiyo mawingu yalikuwa mazito. Baada ya swala ya alasiri msafara ulishuka kuelekea mpakani, dada katikati akilia kama inavyotakiwa. Nilibaki na mama na jirani yetu mmoja, mama wa makamo asiyeweza kunyamaza. Nilimweka mama kwenye kiti, kioo cha kuonyeshea picha nikakiweka mbele yake.

"Papa," jirani akasema, akiniita kama waitwavyo vijana wa kiume kwetu, "iyi bunduki yako, baaskari bakikuja nitasema sikujue hata jina."

"Acha mutoto afanye kazi," mama akasema, lakini alicheka. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, kana kwamba wao pia wangemwona.

Nikaelekeza lenzi langoni. Bluu ikaja, imevimba, haina kingo. Nikazungusha pete ya kusawazisha picha. Ikawa bora kidogo, bora kidogo tena, kisha ikagonga mwisho wake. Ilikuwa imebaki hatua moja tu kufika, na hatua hiyo haikuwepo.

Kwanza niliwaza ni ukungu wa ziwa lililo jirani na mto. Nikafuta kioo cha lenzi. Nikawaza ni macho yangu, nikamuuliza jirani, akasema hata yeye anaona moshi. Nikalipunguza tundu la mwanga la lenzi ili picha ikaze, ikawa giza, nikalifungua tena. Nikawaza labda mjomba aliwahi kuiangusha. Nilikuwa na sababu nyingi na nilizipitia zote kwa zamu, huku ng'ambo gari la bibi harusi likisimama.

Ndipo nikazikumbuka pete za kopo. Lenzi lazima ikae umbali wake kamili kutoka kwenye kioo cha ndani kinachopokea picha. Ukiisogeza mbele, hata kwa unene wa bati la kopo la soda, itaendelea kuona vya karibu, lakini vya mbali haitavipata kamwe. Tulifundishwa hilo. Niliandika mtihani juu yake.

Niliweka mkono kwenye kufuli la adapta. Kuzitoa kungechukua muda, na kwa muda huo kioo cha mama kingekuwa cheusi. Nikauondoa mkono. Nikaurudisha.

"Banashuka!" jirani akapiga kelele. "Bamama bale bote nguo moja!"

Walikuwa wamevaa sare, kama ilivyo desturi yao, kitambaa kimoja cha njano kwa wanawake wote wa ukoo. Kwenye kioo walikuwa doa moja la njano. Doa jeupe likashuka kwenye gari. Huyo alikuwa dada. Kipande cha njano kikajitenga na wenzake, kikalisogelea doa jeupe.

"Ule ni nani?" mama akauliza. "Papa, ule anamukumbatia ni nani? Ni mama mukwe?"

Kisha wakamfunika dada kitambaa cha njano, hiyo pia ni desturi, na hapakuwa tena na doa jeupe.

"Sijui, mama."

"Angalia vizuri."

"Mama, sioni."

Mkono wangu ulikuwa bado kwenye kufuli.

Video za simu walizotuma wale watu zinaanzia ndani, kwenye ngoma. Dada alipiga simu. Alisema mama mkwe alitoka mwenyewe na kumkumbatia vizuri sana. Mama alimshukuru Mungu kwa sauti, akamuombea dua, akanirudishia simu.

"Angesema vile hata kama ule mama hakutoka," akasema. "Mimi ndiyo nilimufundisha."

Kamera ilikuwa imerekodi, na niliitazama ile picha mara nyingi. Niliikuza mpaka ikawa miraba mitupu. Kile kipande cha njano kinaweza kuwa mama mkwe. Kinaweza kuwa shangazi, au jirani aliyeitwa kujaza idadi. Nimejaribu kuukadiria unene wa mwili wake, namna anavyotembea. Siku nyingine naamini ni yeye kabisa, na kabla ya chakula nimeshaacha kuamini.

Pete za kopo nilizitoa. Lenzi sasa inacheza mahali pake, na lango la bluu, ingawa ruhusa ilikwisha, naliona hadi kutu ya bawaba. Wakati mwingine mwanamke anatoka na kapu. Sura yake naiona wazi: si dada. Mama ananisikia nikifungua na kufunga kamera, lakini haulizi tena.