Bunduki ya Madlen

Kwa mambo ya bunduki, bonde letu zima la Sernf halina mtu wa kunishinda. Hayo si majivuno, ni habari tu. Shule niliiacha mapema, lakini shabaha haijawahi kuniacha. Kwa hiyo mpwa wangu Madlen, fundi wa paa anayetembea juu ya vigae kama paka, aliposema sasa ananunua bunduki yake mwenyewe, nilijua ataanzia kwangu.

Akaanzia kwa Balz.

Balz ni shemeji yake, ndugu wa mumewe, na anauza bunduki kule Glarus mjini. Mtu wa tai hata Jumapili. Ndiye aliyekuwa akimkumbusha Madlen kila Krismasi kwamba hajawahi kupata beji ya shada, ile wanayopewa waliofikisha alama. Maana kila mwanzo wa kiangazi, kwenye sikukuu ya shabaha, nchi nzima inapolala kifudifudi kulenga, Madlen alipiga kwa bunduki ya kuazima ya chama chetu cha shabaha na kuikosa beji kwa alama moja au mbili. Mimi ninazo za kujaza kofia. Yeye hata moja hana, na ilimuuma.

Jumamosi tukakutana kwenye uwanja wa shabaha, Madlen ajaribu kabla ya kuchagua. Balz kaja na bunduki mpya ya shabaha, mimi na karabini, bunduki fupi ya zamani ya jeshi, niliyoipata kwa mjane wa marehemu Fridli.

"Shemeji, hii imetengenezwa mwaka huu," Balz akaanza. "Kitako unarefusha, pa kuegesha shavu unapandisha. Hiyo ya mjomba wako ililinda mpaka wa nchi enzi za vita."

"Na hakuna aliyevuka," nikamjibu.

Madlen akalala, akapiga kwa ile mpya. Zote katikati. Nikajikuta natazama milima.

Kisha akashika karabini. Ya kwanza ikaenda juu kabisa, naye akasugua bega.

"Mjomba! Hili linapiga teke kama ng'ombe aliyekamuliwa na mgeni!"

"Linakusalimu tu. Usilenge katikati, lenga chini kidogo ya doa jeusi. Ndivyo lilivyozoea."

Akalenga chini ya doa. Risasi zikaanza kukusanyika, ingawa si kama zile za mpya. Balz akacheka puani.

Sasa, kila mtu kwetu anajua: sikukuu ile inakubali bunduki za jeshi peke yake. Ile mpya, na uzuri wake wote, siku hiyo inabaki kabatini.

"Siku moja tu, shemeji," Balz akambembeleza. "Siku hiyo unaazima ya chama. Mwaka mzima uliobaki unatushinda sisi sote."

Madlen akainuka, akajipangusa magoti.

"Nimechoka kuazima, Balz. Napewa iliyobaki, na nikianza kuijua tabia yake nimeshaharibu. Nachukua ya mjomba."

Nilitaka kupiga makofi, nikajizuia. Kidogo.

Masika yote, akitoka kazini, alilala sebuleni na karabini tupu, anavuta komeo, anarudisha, anavuta. Mumewe Jöri alikuwa anamruka akienda jikoni.

Sikukuu ikafika. Akapiga za kwanza vizuri tu, si za kutisha. Ikabaki duru ya mwisho: risasi sita ndani ya dakika moja, na kioo cha alama kilicho kando yako hakikuonyeshi kitu mpaka umalize. Hapo ndipo kila mwaka alipoiacha beji yake.

"Anakimbia mno," Balz akaninong'oneza mgongoni.

"Nyoosha tai yako, unyamaze."

Komeo likaenda, likarudi, bila pupa, kama vile yuko sebuleni na Jöri yuko hewani. Ya sita ikatoka. Kioo kikawaka. Balz ndiye aliyesoma kwanza. Alama zimetosha, na ziada juu.

Akabandikwa beji kifuani mbele ya wote. Kwenye banda la chama, na soseji nyeupe ya ndama mkononi, Balz akampa mkono kiungwana.

"Sawa, shemeji. Krismasi hii nitakuwa sina la kusema."

"Utakuwa nalo," Madlen akasema huku anatafuna. "Kesho naanza kuweka akiba ya ile mpya. Nataka niwashinde mwaka mzima, na mjomba ndiye wa kwanza."

Nikamwambia apange foleni.