Tundu la Jikoni kwa Lavina

Lavina Stauffer alikuwa na miaka hamsini na minne, na kwa miaka kumi na saba, kila baridi ikiingia, alipika amevaa koti. Dirisha la jikoni kwake lilikuwa na tundu, na tundu hilo halikuwa lake. Lilikuwa la mji.

Mwaka 1909 Enos Trexler, mpiga besiboli ambaye hadi leo wanaume wa kiwanda cha chuma wakimtaja huvua kofia, alitwanga mpira ukapita ua wa uwanja, ukapita barabara, ukavunja kioo cha kina Stauffer na kutumbukia kwenye sufuria ya kabichi. Zamani, kwa masimulizi ya mji, ulipita barabara moja. Siku hizi unapita tatu, na reli pia. Kila mechi ya kwanza ya msimu, wageni walipanga foleni jikoni kwa Lavina kuchungulia tundu, wakimchafulia sakafu, na kila mmoja akiuliza kama ile kabichi ililiwa. Ililiwa.

Vuli hiyo magoti yalimgomea. Akamwendea Harvey Diehl, kinyozi na mwenyekiti wa kamati ya kumbukumbu ya Trexler, akamwambia anaweka kioo kabla ya theluji.

Harvey alisimamisha wembe hewani. Akamweleza, kwa upole ule unaoudhi, kwamba tundu ndilo ukuu wenyewe wa Trexler. Likizibwa, watoto wataamini nini? Aongeze kadibodi tu.

"Harvey, tundu lile ulitoboa wewe," Lavina akasema. "Kwa nyundo. Mwaka aliokufa Trexler."

Mteja aliyekuwa kitini, povu mashavuni, akageuza shingo.

"Dada Lavina, tulilirudisha tu lilivyokuwa."

Basi Lavina akarudia yale aliyoyasema miaka yote bila kusikilizwa. Kesho yake baada ya mechi Trexler alikuja mwenyewe, kioo kwapani kimefungwa gazeti, na kopo la puti ya kushikizia kioo. Alimwomba mama yake Lavina radhi, akakiweka kioo kwa mikono yake, vibaya vibaya, huku Lavina, wakati huo binti wa miaka kumi na mitano, akimshikia misumari.

"Wapiga mpira mbali wamekuja wengi. Unamjua mwingine aliyerudi na kioo?" akamwuliza Harvey.

Lavina akaenda kununua kioo, akakiweka mwenyewe. Kwenye pembe ya juu ya fremu aliacha kipande cha puti ya zamani, kigumu kama mfupa, chenye alama ya dole gumba la Trexler.

Siku ya tatu Harvey akaja, kofia mkononi. Akapima dole lake kwenye ile alama, likapwaya. Akaigusa tena na tena, hata Lavina akadhani hatimaye maneno yake yameingia.

"Dada," Harvey akanong'ona, "dirisha hili usije ukaliosha."

Lavina akavua koti, akalitundika msumarini, akaenda kutafuta ndoo.