Kahawa Kabla ya Chakula

Mwalimu Byabato wa Nyakasimbi, mstaafu na katekista wa kigango, aliandika kitabu kimoja tu katika maisha yake. Kilieleza adabu za kumkaribisha mgeni katika nyumba za Wanyambo wa Kagera. Zilipigwa chapa nakala mia tano, zikaisha. Kisha mchapaji akafunga karakana yake, na miaka thelathini ikapita. Nakala ya mwandishi mwenyewe ililiwa na mchwa.

Mwaka jana mpwa wake Kemirembe, mwalimu wa sekondari, alimweleza kwamba kitabu chaweza kurudi kikiwa cha kusomwa katika simu, kwa shilingi elfu mbili, ili hata mkulima amudu kukinunua. Mzee alimshukuru Mungu kwa sauti. Lakini ilihitajika nakala moja ya kunakili, na iliyojulikana kubaki ilikuwa katika kata ya Nyakatuntu, kwa Deodatha, mjane wa rafiki yake Novatus. Bila nakala hiyo kitabu kilikuwa kimekufa, kwa maana akiwa na miaka themanini na mmoja asingeweza kukiandika upya.

Wakaenda kwa bodaboda. Deodatha aliwaketisha kwa heshima, akaendelea kumenya ndizi. Nusu saa ikapita. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ambacho katika nyumba zetu humfikia mgeni kabla hajaulizwa habari za safari, kilikaa juu ya kabati bila kuguswa.

“Ma Deodatha,” alisema Byabato hatimaye, “koo limekauka. Hata punje moja?”

“Subira, Ta Byabato. Ukurasa wa arobaini wa kitabu chako unasema kahawa hutolewa baada ya chakula. Ndizi ndiyo kwanza nazimenya.”

Kemirembe aliinamisha uso ili asionekane akicheka.

“Nilikuambia mwaka uleule kilipotoka,” mama akaendelea. “Ukanijibu kwamba kilichochapwa kimechapwa. Mke wa mwanangu alijifunza humo, akawakalisha wageni wa kipaimara midomo mitupu mpaka saa tisa.”

Byabato alijua kosa lilikotoka. Alikuwa amelelewa seminari tangu utoto, na huko mapadre walikunywa kahawa yao baada ya kula. Alikuwa amechanganya meza ya mapadre na sebule ya babu zake, kisha aibu ikamzuia kukiri.

“Nilikosea,” akasema. “Toleo jipya litasahihishwa, na litamtaja aliyenisahihisha.”

“Kwa jina kamili?”

“Na la kata yake.”

Deodatha akanawa mikono, akateremsha kikapu, akampa mgeni wake punje za kutosha. Kisha akaleta kitabu kutoka sandukuni, kikiwa kimefungwa kwa kitenge, na Kemirembe akakipiga picha ukurasa kwa ukurasa.

Kitabu kilitoka kabla ya Kwaresima. Katika wiki ya kwanza watu sitini walikinunua, wengine wakiwa karibu, huko Mabira, wengine mbali sana na Kagera. Siku ya Ijumaa simu ya mwandishi ikaita.

“Ta Byabato, nimekinunua kama watu wengine. Ukurasa wa sitini na mbili umemketisha shangazi wa bibi harusi karibu na mlango, kama mtu baki. Nani alikuambia hivyo?”

“Sikumbuki, mama. Lakini sasa hatumngoji mchapaji. Kemirembe atasahihisha leo, na waliokwisha kununua watapata sahihisho bure. Na ukurasa wa sitini na tatu?”

“Huo sijaufikia. Usiende mbali na simu.”