Gitaa Lililotungoja

Ipo alasiri moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho hunijia pamoja na vumbi lake. Nilikuwa msichana wa mtaa wa Isevya, nimevaa gauni la maua nililolishona mwenyewe, nimeegemea ukuta wa ukumbi ulio karibu na stesheni. Lilikuwa dansi la mchana, lile tuliloliita bugi. Mabinti tuliruhusiwa kwenda kwa sharti la kusindikizwa na mtu mzima na kurudi kabla ya magharibi. Mimi nilisindikizwa na Shangazi Nyamizi, dada wa baba, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi.

Siku hizo kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na wa bendi yetu uliitwa Ngoja Nije. Katikati ya wimbo ngoma zilinyamaza, besi likanyamaza, na Hamisi Nyuzi, mpiga solo wetu, akainua mkono kutoka kwenye gitaa. Kimya kile kilikuwa chetu. Ukumbi mzima ulipiga makofi na kuitikia, "Nimekuja!" Ndipo gitaa likaingia tena, na hapo, mwanangu, hata mwenye huzuni zake alijikuta amesimama.

Mimi siku ile sikuitikia. Niliogopa kulilowesha gauni langu jasho, nikasimama nikitazama wenzangu. Shangazi akanishika sikio, taratibu tu, akaniambia maneno ambayo sikuyaelewa mpaka nilipozeeka.

"Rukia, babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo kutoka Ujiji mpaka pwani. Msafara mrefu, wa mbele hawaoni wa nyuma. Basi kiongozi anaimba, ananyamaza, anangoja. Sauti za nyuma zikimfikia, anajua watu wake wapo, anaendelea. Zisipofika, anasimama hapo hapo. Sasa wewe mwenzetu unataka kumsimamisha nani?"

Nikacheka. Nikapiga makofi, nikachelewa, wenzangu wakanizomea, na kuchelewa huko kukawa ndiyo sifa yangu pale ukumbini.

Miaka ikapita kama treni inavyopita stesheni ndogo ya Kigwa, unaisikia mbali, halafu imeshakwenda. Niliolewa, nikazaa, nikashona nguo za watu barazani kwangu mpaka macho yakachoka. Mume wangu alipofariki niliingiwa na ukimya nisioweza kukueleza vizuri. Wajukuu waliniwekea zile nyimbo kwenye simu. Nilizisikiliza huku nakunja nguo, nazo zilinipita kama mtu tuliyekutana naye njiani asinitambue.

Ndipo mwaka jana zikaja habari kwamba wale wachache waliobaki wa bendi yetu watapiga tena, mchana, katika ukumbi ule ule. Binti yangu Sauda hakupenda. Aliniuliza watu watasemaje, mama mjane, na magoti yenyewe haya. Mwishowe akakubali kunipeleka, nikae, nisikilize, turudi nyumbani. Hakujua kwamba hofu yangu ilikuwa kubwa kuliko yake. Nilitaka kujua kama yule msichana wa gauni la maua bado yumo ndani yangu, na niliogopa kwenda kumkosa.

Hamisi Nyuzi alipandishwa jukwaani akishikwa mkono. Kofia nyeupe, mabega yamepungua. Nyuma yake walikuwa vijana waliojifunza nyimbo zetu kwenye rekodi. Lakini rekodi zile zilifanyiwa studio, sisi hatukuwemo, na kile kimya chetu kilikatwa. Kwa hiyo walipofika katikati ya wimbo, Hamisi akainua mkono, vijana wakaendelea mbele bila yeye. Wakatazamana. Wakaacha mmoja mmoja.

Ukumbi ukatulia. Kijana mmoja nyuma yangu akasema kwa huruma, "Babu kasahau." Mpiga besi akamwinamia mzee kumnong'oneza, naye akatikisa kichwa, mkono bado juu, macho kafumba.

Sauda akanishika kiganja. "Mama, twende tu. Inasikitisha."

Nikamtazama yule mzee jinsi alivyotega sikio, nikamwona yuko mbele kabisa, na nyuma yake njia nzima, na sisi wote tumebaki huko mavumbini. Alikuwa anangoja. Mikono yangu ilikuwa mizito, mwanangu, mizito kweli. Nikaitoa kwenye ya Sauda, nikapiga makofi.

"Nimekuja," nikasema. Sauti ilitoka kama mlango mbovu.

Hakuna aliyeitikia. Nikahisi macho ya watu mgongoni. Kisha upande wa pili wa ukumbi makofi yakalia, mwanamke akaitika kwa nguvu, halafu mzee mwingine, halafu safu nzima ya vichwa vyenye mvi. Na sauti ile ya kwanza, ya Mwajuma, shoga yangu aliyeolewa Usoke na kuja kwa treni ya asubuhi, ikapaa juu ya zote: "Rukia, makofi yako bado yanachelewa!"

Watu wakaangua kicheko. Hamisi akatabasamu bila kufumbua macho, na gitaa likaingia.

Sijui nikuelezeje. Yule msichana alikuja. Alipita katikati ya viti akinukia sabuni na pasi ya mkaa, akanishika kiuno, nami nikasimama. Magoti yaliuma na sikuyajali. Nilipogeuka nilimkuta Sauda ananitazama kama anayetambulishwa kwa mgeni. Akasogea karibu, akaniuliza kwa aibu, "Mama, hizi hatua zinaanzia mguu gani?"

"Wa kushoto," nikamwambia. "Halafu unangoja."

Nakuasa hivi, mwanangu. Ulichokipenda ukiwa kijana, usiridhike kukisikia kwa mbali. Kikipita karibu na kwenu, nenda kwa miguu yako, kaa mahali ambapo sauti yako itafika, na ukiitwa, itika, hata kama umechelewa, hata kama walio karibu nawe watakuonea haya. Na wewe ukiwa mbele ukaimba, nyamaza kidogo uwasikie wa nyuma.

Mola akupe njia ndefu na watu wa kuitembea nawe, na siku utakaponyamaza ukitega sikio, asikukoseshe wa kukuitikia.