Siku Nne Mlangoni

Siku orodha ya nafasi za vyuo vikuu ilipotoka, Nyevu Changawa alipiga ukelele uliomtoa mwalimu mkuu ofisini mwake na kiatu kimoja mguuni.

"Ifrah kapata udaktari wa mifugo! Udaktari, jamani, si cheti!"

Aliigeuza kompyuta ili kila aliyeingia aone mwenyewe. Wapishi walikuja na mikono yao ya unga. Mzee Guracha, mlinzi, aliacha lango na kuja kusoma jina ambalo hakuweza kulisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika kana kwamba amelihakiki.

Nyevu ni sekretari wa shule ya bweni ya wasichana mjini Garsen. Ana miaka arobaini na sita, na wazazi wake ni Wagiriama waliohamia bondeni kulima, upande wa Idsowe. Alisomea uhazili mwaka mmoja Malindi, na masomo yake yakaishia hapo. Chuo kikuu anakijua kwa karatasi tu. Lakini anazijua karatasi hizo kuliko waliokwenda. Kwa miaka kumi na sita, wasichana wakishamaliza kidato cha nne, hurudi mezani kwake. Anawaombea nafasi, anawachapishia barua za kuitwa, anawafundisha kufungua barua pepe na kusoma ratiba. Huwaambia wabebe kila cheti halisi na nakala tatu, ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu barabara zetu hazina huruma na karatasi. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Wala hakuna aliyewahi kumuuliza anaifanyia nini.

Jambo lililompa fahari zaidi lilikuwa adabu. Mlangoni pake msichana hakusema. Alisimama kando, mikono mbele, macho chini, mpaka aitwe. Wasichana hawakuona tabu, maana hata nyumbani kwao mdogo hamwanzi mkubwa kwa maneno. Nyevu alikuwa akiwaambia wageni, "Hawa wakifika huko mbele, watajulikana wametoka kwa watu."

Ifrah alisafiri mwisho wa Agosti kwenda chuo kimoja huko bara. Baba yake, Abdikarim, ana duka dogo na ng'ombe kadhaa Bangale, na alikuwa ameshautangazia mji mzima kwamba sasa ng'ombe wake watatibiwa na damu yake. Ila alimwambia binti yake pia, mbele ya Nyevu, "Nenda. Lakini ukirudishwa, mama, usiniombe kwenda tena. Nitakuwa nimechekwa mara moja, inatosha."

Usajili ulikuwa wiki moja tu, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa saa kumi jioni. Asiyesajiliwa, nafasi yake ingepewa mwingine.

Ijumaa saa nne asubuhi, walimu wakinywa chai, simu ya Nyevu ililia.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, daktari wangu! Ng'ombe umeshawaona?"

Ifrah alisema taratibu, "Sijasajiliwa bado, madam."

Nyevu aliweka kikombe chini. "Karatasi gani imekosekana?"

"Hakuna. Zote ziko. Umebaki muhuri mmoja wa ofisi ya kitivo."

"Wamekunyima?"

"Hawajanikatalia. Hawajaniita."

"Hawajakuita vipi? Uko wapi?"

"Niko mlangoni. Nimesimama hapa tangu Jumatatu. Watu wanaingia, wanatoka. Jana mama mmoja aliniuliza kama mimi ndiye niliyeletwa kufanya usafi. Nikamwambia hapana. Akaenda zake."

"Na usimwambie unataka nini?"

"Hakuniuliza, madam."

Nyevu alitazama mlango wa ofisi yake mwenyewe. Palikuwa na msichana wa kidato cha pili amesimama pale, mikono mbele, macho chini, na Nyevu hakujua amesimama tangu saa ngapi. Akamkumbuka Fardowsa, aliyerudi nyumbani kabla ya muhula wa kwanza kwisha, miaka miwili iliyopita, akasema tu kwamba chuo kimemshinda. Nyevu alikuwa amelaumu hesabu. Hakuwahi kumuuliza alikuwa amesimama kwenye milango mingapi.

Alimwita yule wa kidato cha pili, akampa fomu aliyokuja kuitafuta, kisha akarudi kwenye simu.

"Ifrah, nisikilize. Ile sheria ya mlangoni niliitunga mimi. Inaishia kwenye lango letu. Hodi, ingia, sema."

"Nitasema nini?"

"Sema unahitaji muhuri."

"Kwa mtu mzima? Nianze tu, nahitaji? Siwezi, madam. Nimejaribu. Mdomo unakataa."

Saa nne na nusu. Nyevu alijaribu kupiga simu ya chuo kwa laini ya shule. Ililia mpaka ikakatika. Akajaribu tena. Ndipo akachungulia dirishani na kupaza sauti, "Mzee Guracha! Njoo ukae kwenye kiti changu!"

"Nimefukuzwa langoni?"

"Umepandishwa cheo. Wewe ni ofisa wa chuo kikuu."

Guracha aliketi, akavuta kikombe cha chai cha Nyevu mbele yake, akanywa. Nyevu akaweka simu mezani, sauti wazi.

"Haya, Ifrah. Huyu ni ofisa. Ingia."

"Hodi," ikasema simu.

"Niko na chai," alijibu Guracha kwa ukali. "Unataka nini wewe?"

Simu ikacheka, kwa mara ya kwanza. "Babu Guracha, siwezi kukuanza wewe."

"Unaona?" Nyevu alishika kichwa. "Saa tano hii inakuja!"

Mzee alisukuma kikombe kando. Yeye ni Muorma, amechunga ng'ombe miaka mingi kuliko aliyolinda lango, na ubishi wa ofisini ulikuwa umeanza kumchosha.

"Wewe mtoto, kwenu Bangale ulinywesha mifugo?"

"Mbuzi, babu. Na ng'ombe wa baba wakati wa kiangazi."

"Ukifika kisimani, wanyama wana kiu, umekuta wazee wanateka maji. Unasimama kando mpaka uitwe?"

"Hapana! Wanyama watakufa."

"Unafanya nini?"

"Natoa salamu. Nasema mimi ni nani, binti wa nani, nimetoka wapi, nina wanyama wangapi, walikunywa lini. Wananipa zamu."

"Wazee wanakasirika?"

"Watakasirika nisiposema, babu. Watadhani nataka kuiba zamu."

"Basi." Guracha aliinuka kwenye kiti. "Hiyo ofisi ni kisima. Mimi narudi langoni."

Nyevu alisimama katikati ya chumba, mkono mdomoni. Miaka kumi na sita alikuwa amewafundisha barua pepe na bahasha, na hakufikiri kwamba wasichana hawa walikuwa na maneno yao tayari, wameyazoea tangu utotoni.

"Nadhani naweza," ikasema simu, na ikakatwa.

Hakuna kazi iliyofanyika tena asubuhi ile. Barua ya wazazi ilichapwa mara mbili na kukosewa mara mbili. Saa sita ikapita, saa saba ofisi za huko zilikuwa zimefungwa kwa chakula, saa nane ikafika. Mwalimu mkuu alichungulia mara ya nne kuuliza kama kuna habari, akafukuzwa kama mtoto.

Saa nane na dakika ishirini simu ililia, na Ifrah hakungoja hata "haloo".

"Wamegonga! Madam, wamegonga muhuri! Nilirudia maneno kichwani mpaka waliporudi kula, nikapiga hodi, nikasema, asalaam aleikum, mimi ni Ifrah binti Abdikarim, nimetoka Bangale, nina fomu moja, na nimengoja siku nne. Yote kwa pumzi moja! Yule mama wa jana, kumbe ndiye mwenye muhuri, aliniangalia. Anaitwa Bi Winfred. Akasema, siku nne? Hapo mlangoni? Nikasema ndiyo. Akagonga, pu! Haikuchukua hata dakika."

Nyevu alikuwa ameshaanza kurukaruka, na wapishi walikuwa wakija mbio tena.

"Halafu madam, hajamaliza! Akasimama, akatoka nje kwenye veranda, akasema kwa sauti, kuna mwingine hapa anayengoja kuitwa? Wakainuka watatu! Mmoja anatoka Wajir, yeye amengoja tangu Jumanne. Sasa amewaingiza wote, na ametoa kiti chake, amekiweka nje, anasema wiki ijayo atakaa huko huko awaulize watu mwenyewe."

"Mpigie baba yako!"

"Nitampigia jioni. Madam, nakata, somo la kwanza la mifupa limeshaanza na jumba lenyewe liko upande wa pili."

"Unaijua njia? Uliza mtu, Ifrah, usione haya—"

"Nimeshauliza wawili," alisema akihema, na nyuma ya sauti yake viatu vilisikika vikipiga sakafu, haraka, haraka zaidi.