Kukimbia Nyuma ya Meneja

Kwa miezi mitatu niliamini kabisa kwamba meneja wa kiwanda kipya cha unga hukimbia mtaa wa Elgon View kila asubuhi, na kwamba mhandisi yeyote atakayemfuata mpaka mwisho bila kutema mapafu anaandikwa kazi siku hiyo hiyo. Fundi viatu wa mtaani kwetu ndiye aliyenieleza, akasema nimtafute mzee wa kofia nyeupe. Katika mji huu, ambako watu hukimbia kama waliozaliwa na viatu vya spaiki miguuni, sikuona cha kushangaza.

Diploma yangu ya mitambo niliisomea jioni, miaka minne, na tangu niipate nilikuwa nimetuma barua za kutosha kuezeka nyumba ya vyumba sita. Nikipita kwenye kisiagi cha mahindi nilisimama nje nikisikiliza mota ikinguruma, nikajua beringi imechoka, na mikono ikaniwasha kwa hamu ya kushika spana. Hakuna aliyeniita ndani.

Basi nikakimbia, cheti kikiwa ndani ya karatasi ya mkate, chini ya jezi. Wiki za kwanza nilimwona mgongo tu, yule mzee wa kofia nyeupe. Wiki ya kumi na mbili nikamfikia getini kwake, nikachomoa cheti kikiwa bado na joto la tumbo langu.

"Mzee, nimemaliza! Naanza lini?"

Alikisoma chote, polepole, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Pole, kijana. Mimi ni daktari wa meno. Hicho kiwanda sijawahi hata kukiingia."